Daktari Aliyepima Mkojo

Mjukuu wangu Zaituni,

Huku Bugolobi tu wazima, na goti la babu yako limetulia. Umeuliza kwa nini nilishikilia mwanao apimwe mkojo ilhali ana homa tu.

Enzi za utawala wa jeshi, mama yako akiwa na miaka miwili, alilazwa hospitalini, akatibiwa malaria wiki nzima na homa haikushuka. Daktari mmoja kijana akampima mkojo.

"Mama, kuna usaha kwenye figo," akaniambia. "Kwa watoto ni nadra, ila unaua."

Siku tatu alikuja mwenyewe kumchoma sindano. Siku ya nne hakuja. Nikamuuliza nesi.

"Daktari gani?" akajibu kwa sauti, macho mlangoni. "Hapa hakuna mtu kama huyo."

Nesi akainama na sindano, akaninong'oneza, "Aliniagiza sindano za mtoto zisikatike."

Hazikukatika, na mama yako akapona. Kisha wanaume wawili wa usalama wenye miwani myeusi wakaja kuniuliza ni nani alimtibu mtoto. Nikasema simjui.

Nilimjua, mjukuu wangu. Aliitwa Opio. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika jina lake.

Bibi yako,
Mariamu