Ulikataa Kisarawe, Nikakulazimisha

Mwanangu mpendwa,

Sikukuzaa, lakini miaka miwili ya kukuita hivyo imenizoesha, na sasa ulimi haukubali jina jingine. Popote ulipo, natumai umekula.

Nakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza kwenye banda letu la mazoezi pale Picha ya Ndege, Kibaha, wiki tatu tu tangu utoke gerezani. Nilikuita, ukaja mbio, ukachuchumaa mbele yangu kana kwamba mimi ni askari magereza. Wenzako walicheka. Nikakwambia, "Simama, baba. Hapa tunaigiza tu." Ilikuchukua mwezi mzima kuzoea kunijibu ukiwa umesimama.

Kumbe ulikuwa fundi wa vichekesho. Ulipomwigiza shangazi yako wa Misugusugu akigombana na kuku wake, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ungebaki na vichekesho vyako, pengine leo ungekuwa mume wa mtu. Lakini mimi, kwa ujuaji wangu, nilitaka watu walie. Nilikuhimiza uandike mchezo wa kifungo chako, ukauandika, na sijawahi kufundisha mchezo mzuri kuliko ule.

Kisha nikasema tutauonyesha Kisarawe.

"Kisarawe hapana, mwalimu. Tuucheze hapa hapa Kibaha."

"Unaogopa watu?"

"Siogopi. Kule nimepeleka posa, na mzee wa binti bado sijamwambia kama nilifungwa. Nataka nimwambie mwenyewe, mshenga akiwepo."

Ulisema wazi kabisa, mwanangu, sina pa kujitetea. Nilikujibu kwamba mzee mzima hawezi kuja kwenye maigizo ya vijana, na kwamba ukweli haufichwi. Kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulinyamaza kwa heshima, nami nikachukulia kwamba umekubali.

Mzee alikuja. Alikaa safu ya pili na mkewe na binti yao, wamekuja kumtazama mkwe mtarajiwa. Uliwaona, ukaendelea mpaka mwisho. Watu walipiga makofi, nikapanda jukwaani kupokea sifa, na nilipotazama chini viti vyao vitatu vilikuwa vitupu.

Siku ya tatu mshenga alirudishiwa barua ya posa. "Angekuja kwangu kwanza ningemsikiliza," mzee alimwambia. "Siyo niyasikie uwanjani pamoja na watoto." Nilikwenda kuomba radhi. Walinikaribisha vizuri, wakanipa chai, na jibu likawa lile lile. Wewe ulinipigia simu mara moja tu: "Freshi tu, mwalimu, usijisikie vibaya." Tangu hapo hupatikani, na shangazi yako naye hajui uliko.

Nina huzuni, na nina aibu. Mchezo ule tunaombwa huku na huku, nami nakataa. Vijana wapya waliotoka gerezani wakija siwaulizi walifungwa kwa kosa gani. Anayetaka kuigiza harusi, tunaigiza harusi.

Watakaosoma barua hii watataka kujua jina lako, na kosa lililokupeleka ndani. Nayajua yote mawili, na hawatayasikia kwangu. Ndivyo nilivyopaswa kukufanyia kule Kisarawe.

Mungu akutunze, mwanangu, hata kama hutarudi.

Ni mimi,
mwalimu wako wa maigizo