Wateja wa Bwera Hawajakimbia

Kasese, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Habari za hapo Bwera, na goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazini kuna moto. Meneja alinipa kumbukumbu za wateja wote wa chama chetu cha akiba, miaka mitatu mizima, nizichambue kwenye kompyuta nijue kwa nini benki kubwa inatushinda. Kompyuta inasema wateja wa Bwera wanatutoroka. Sasa anataka kufunga tawi la huko. Wewe uko sokoni Mpondwe, hapo mpakani na Kongo, kila siku ya soko. Mama, wanakwenda wapi?

Binti yako,
Raihana

Bwera, 9 Machi

Mutoto wangu,

Waaleikum salaam. Goti iko afadhali. Nimeuliza wenzangu wa samaki. Hakuna mutu amekimbia. Mupaka ikifungwa hatuuzi, basi hatuweki kitu. Ikifunguliwa tunavuka alfajiri, na nyinyi munafungua saa tatu, sisi tuko Kongo tayari. Wakala wa ile benki ingine anakaa na mwavuli wake pale kwenye malori tangu saa kumi na mbili. Tunamupa yeye. Hata mimi namupa, na nilikuficha. Unisamehe.

Mama yako,
Bushira

Kasese, 2 Aprili

Mama,

Salaam nyingi. Najua nimechelewa kujibu. Niliingiza siku za soko na tarehe zote ambazo mpaka ulifungwa, nikachambua upya. Kumbe mpaka ukiwa wazi, Bwera inaweka akiba kuliko tawi la Muhokya, kuliko hata mjini hapa. Meneja Nobert akaniuliza, "Nani kakwambia haya?" Nikasema, "Muuza samaki." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia ripoti ya kwanza niliiandika bila kuuliza mtu yeyote. Ametupa mwezi mmoja: siku za soko tawi lifunguliwe saa kumi na moja na nusu. Likishindwa linafungwa, na mimi kazi sina. Niombee.

Binti yako

Bwera, 6 Mei

Raihana wangu,

Salaam, mama. Siku ya kwanza ya kufungua alfajiri tulikuwa wanne tu, nikaogopa sana. Wiki jana foleni ilifika barabarani. Hata Kobusingye muuza nyanya, ambaye haamini benki yoyote, alifungua kitabu cha akiba. Leo karani amebandika karatasi mulangoni: tawi inabaki. Wamama wakaisoma kwa sauti. Mumoja akauliza, "Nani huko Kasese alijua saa yetu ya kuamka?" Nilitaka kujibu, machozi ikanitangulia. Kobusingye akanishika bega, akasema, "Ni mutoto wa huyu."

Mama yako