Sweta Niliyokivisha Kisanduku

Mama mpenzi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lisikuzuie kupanda shambani. Mimi sijambo, ila theluji ya huku Ujerumani inanipiga mweleka kila nikitoka nje. Neema, mdogo wangu, msomee Mama polepole, na usiruke mahali ninapojiaibisha.

Mama, umeuliza kama ile sweta uliyonifumia inanisaidia. Wenzangu walinunua mitumba pale Mpwapwa, wewe ukakataa katakata, ukafuma mwenyewe. Sasa nikuambie ukweli: nusura inifukuzishe kazi.

Nyumba ya Bibi Helga, huyu mzee ninayemtunza, haina moto wa kuota. Chini kuna boila, pipa la chuma linalochemsha maji, na maji hayo yanapita kwenye mabomba ya kila chumba. Nje ukutani kuna kisanduku kinachozidi kiberiti kidogo tu. Fundi alinieleza kwamba hicho ndicho kinachosikia baridi. Wiki iliyopita theluji ilikilalia, nikakionea huruma. Nikakumbuka unavyofunika vitalu vya vitunguu kwa nyasi Juni ikifika, baridi isiue miche. Basi nikakivisha sweta yako, nikaifunga kwa kamba.

Asubuhi nyumba ilikuwa ya baridi. Bibi anakohoa, midomo imebadilika rangi, na mapafu yake ni mabovu tangu zamani. Niliogopa, Mama. Nikamfunika mablanketi, nikampa chai, mabomba yakazidi kupoa. Mwanawe alipofika na fundi alinifokea, "Funga mizigo yako!"

Fundi akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na sweta mkononi, anacheka mpaka machozi. Kumbe kisanduku kilipopata joto kiliiambia boila kwamba nje ni kiangazi, nayo ikapunguza moto! Bibi akaishika ile sweta, akauliza nani kaifuma.

"Mama yangu," nikasema.

Akamgeukia mwanawe. "Mtu aliyevua sweta ya mama yake akauvisha ukuta wangu, huyo simfukuzi."

Baadaye fundi akanifundisha kuirekebisha boila. Kuna kitufe chenye namba. Unakisogeza namba moja tu, unasubiri siku nzima, ndipo unapata jibu. Mwenye pupa anaharibu. Siku ya tatu nikapatia. Mchana upepo uligeuka ukawa mkali, nikagusa bomba, nalo lilikuwa limeanza kupata moto, wakati ndani hakuna hata mmoja aliyehisi baridi. Mama, nilishangaa hadi nikakaa chini. Chuma kinajua!

Kisha nikakukumbuka wewe, Juni hapo Kibakwe, unavyosimama mlangoni jioni ukiusikiliza upepo, halafu unaongeza kuni kabla sisi watoto hatujatetemeka. Miaka yote ile mimi nilidhani nyumba yetu haina baridi.

Sweta nimeifua. Nimempa mwalimu mmoja anayerudi Dodoma, ataifikisha. Ivae wewe, mimi nina mabomba.

Nisalimie shangazi wa Makole anayetupokelea barua, na mjomba mfuga nyuki, mwambie asali yake naiota.

Na wewe Neema, unamjua Mama, hatasema kwamba anasikia baridi. Usingoje aseme. Upepo ukigeuka, ongeza kuni.

Mwanao akupendaye,
Yona