Programu Iliyojibu "Mzima"

Alhamisi, Mtoni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla sijatoka, kwa hiyo tumebaki na joto na tope. Viatu vyangu havitamaniki. Nimechoka, lakini moyo wangu mweupe.

Niandike upesi, kabla sijaanza kujipamba kwa maneno.

Mimi ndiye niliyejenga mfumo wa getini kwenye yadi yetu ya makontena Kurasini. Lori likifika, karani anaingiza namba ya kontena, mfumo unatafuta kibali, geti linafunguka. Ni mfumo mzuri, nasema bila aibu. Sikuanzia sifuri. Nilitumia kiunzi huria, mifupa iliyo tayari ya kujengea mfumo, ambacho mtu yeyote anakipakua bure na kukifungua mpaka utumbo wake, kilichotengenezwa kwa ajili ya programu zinazoishi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali. Nakipenda kuliko wachumba wawili watatu niliowahi kuwa nao.

Ninachokipendea zaidi ni kujulia hali. Mfumo umegawanywa katika programu ndogondogo, na kila baada ya sekunde kumi kiunzi kinapita kuiuliza kila moja: u mzima? Isiyojibu vizuri inazimwa, nyingine inawashwa mahali pake. Kazi yangu ilikuwa kuziandikia namna ya kujibu.

Nilikuwa na haraka. Ile ya kutafuta vibali niliiandikia ijibu "mzima", basi. Haikujikagua chochote. Ndivyo tulivyolelewa: mtu ana homa ya siku tatu, ukimsalimia anasema nzuri, halafu ndiyo inakuja ile "ila" yake. Programu yangu niliinyima hata hiyo ila.

Jumanne mawasiliano yake na kumbukumbu za vibali yakaganda. Kuizima na kuwasha nyingine kungetosha. Lakini kiunzi kiliuliza, yenyewe ikajibu mzima, zaidi ya saa nzima. Malori yakajipanga mpaka barabara kuu. Madereva walipiga honi, wakashuka, wakatukana, na aliyekaa dirishani akitukanwa hakuwa mimi.

Alikuwa Bi Zuhura, karani wa geti, mtu mzima aliyeanza kazi pale kabla yetu sote. Meneja wetu, Bwana Kimaro, akaamua palepale kwamba mama huyu kompyuta imemshinda. Jana alinikuta kwenye korido. "Vipi mfumo wako, mzima?"

"Mzima, bosi."

Nilikuwa nimeshaliona kosa langu tangu Jumanne jioni, na nimeshalirekebisha kimyakimya.

Naandika haya masikio yananiwaka.

Leo saa nne kikao, na ajenda ni moja: nani akae getini badala ya Bi Zuhura. Yeye alikaa karibu na mlango, mtandio kaubana vizuri, mkoba mapajani. Akaulizwa kama ana la kusema.

"Mie nabonyeza, kinazunguka tu," alisema. "Nikampigia huyu mwanangu, akaniambia mfumo mzima, nijaribu tena."

Ni kweli alinipigia, na ni kweli nilimjibu hivyo. Skrini yangu ilikuwa ya kijani tupu, maana yake kila programu imejibu mzima.

Hakunitazama wala hakupandisha sauti. Afadhali angenisema. Nikasimama, nikawaambia kosa ni langu, na jana nilimdanganya meneja. Kisha nikafungua laptop, nikawasha nakala ya majaribio na kuyagandisha yale mawasiliano makusudi. Programu ya zamani ikabaki kijani huku haifanyi kitu. Ile niliyoirekebisha ikakiri inaumwa, kiunzi kikaizima, kikawasha nyingine, na ujumbe wa tahadhari ukaingia kwenye simu ya Bwana Kimaro akiwa kaishika mkononi. Nikawaambia pia kwamba zimebaki programu nne nilizoziandika kwa uvivu uleule.

Bwana Kimaro akatoa uamuzi. Barua ya onyo naipata, na ni haki yangu. Bi Zuhura anabaki getini. Akaniuliza kama mfumo wenyewe tuuache. Nikamwambia hapana, bosi, kiunzi kiko sawa, mimi ndiye niliyekijibu vibaya; nipe mpaka Jumatatu. Sauti yangu haikutetemeka, maana nilichojenga nakijua.

Mchana nikaenda getini kuomba radhi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Akanitazama juu ya miwani. Lori lilikuwa linangoja, naye hakugusa kitufe. Alikaa tu, ananisubiri.

"Sijambo," nikasema, "ila tangu Jumanne sijalala vizuri, na nimekukosea sana." Machozi yakanitoka mbele ya dereva na utingo wake.

"Haya," akasema, akanisogezea kiti kwa mguu. "Hapo sasa umeniitikia."

Kesho asubuhi naanza na zile nne zilizobaki. Kila moja nitaiuliza mara mbili.