Bango Mbele ya Dishi

Fundi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nimebaki nikilitazama, maana siku hizi nalitoa na haliitikiwi. Nitakueleza. Kuna ya kuchekesha ndani yake, ungekuwepo ungecheka wewe, mimi siwezi.

Tumekuzika Magomeni, hapa hapa mjini kwetu. Watu walijaa mpaka barabarani, hata wasikilizaji wa Mikumi walichangishana wakakodi gari baada ya kuambiana kwenye makundi ya simu. Mkeo alijikaza kuliko sisi sote. Kila kitu kilikwenda vizuri, isipokuwa kimoja kilichokuwa mikononi mwangu.

Unalikumbuka lile bomba juu ya paa la studio, lenye dishi linalotazamana na mwenzake kule mnarani, mlimani? Siku yangu ya kwanza ulinipandisha ngazi, ukaninyooshea kidole mlimani, ukasema, "Haya mawili lazima yaonane. Yasipoonana, huku chini tunaongea peke yetu kama walevi." Halafu ukakunja uso: "Na usifunge kitu kwenye bomba hili. Hata kamba ya kuanikia nguo." Nilicheka. Nani ataanika nguo juu ya paa la redio?

Mimi, Fundi. Ila sikuanika nguo, nilikuanika wewe.

Asubuhi ile baada ya kututoka, nilikimbia kwa wachapishaji wa mabango. Nikachagua ile picha yako ya shati la kitenge, nikaandikisha chini yake "Pumzika, Fundi Wetu." Nilitaka kila anayepita njia ya sokoni akuone, na pale kwetu hakuna kirefu kuliko bomba. Nikalifunga bango kwa mafundo yale yale uliyonifundisha, nikashuka, nikalipiga picha, nikaituma kila mahali. Nikisema kweli, sikuwa nalia tu. Nilitaka pia watu wajue kwamba mwanafunzi wako ni Neema. Naona aibu kuliandika hilo kuliko yote.

Mchana upepo ukaja. Bango likavimba, likavuta bomba, dishi likageuka polepole likawa linatazama soko. Kule mnarani mashine ikangoja sauti ya studio, haikuipata, ikafanya ulivyoizoesha: ikaanza kucheza ile flashi uliyoichomeka kwa ajili ya siku mbaya. Kinanda kidogo, halafu wewe: "Hapa ni fundi wenu. Msihame, tunarudi sasa hivi." Kinanda tena. "Msihame, tunarudi sasa hivi." Mchana kutwa, na kesho yake mpaka tukakuzika.

Studio hatukujua. Hamisi alikuwa kwenye kipaza sauti akisoma tanzia yako, saa ya mazishi na mahali, akirudia na kurudia huku sauti inamkatika, na hakuna mtu hata mmoja aliyemsikia. Vile visikilizio vya masikioni vilimpa sauti inayotoka mezani kwake, si inayofika hewani. Kwa ajili ya hilo uliweka redio yako ndogo ya betri dirishani, ukatuambia, "Sikilizeni wanachosikia watu." Lakini ilikuwa ya kwako, kwa hiyo tulikuwa tumeshaibeba pamoja na koti na mfuko wa vifaa, tukampelekea mkeo kwa heshima zote. Na msibani nani anawasha redio?

Watu walipiga simu. "Jamani, bado tunamsikia Fundi!" Hamisi anafuta machozi, anajibu, "Kweli kabisa, tutamsikia daima." Mama mmoja wa Mikumi akamkatalia: "Hapana baba, namsikia sasa hivi, hapa jikoni kwangu." Hamisi akamwombea Mungu amtie nguvu.

Hapo ungekaa chini kwa kicheko. Sasa habari yangu inafika Mamboya, kwa dada yako, na sijui niianzeje.

Dada yako Perusi simu yake haishiki mtandao pale nyumbani, unajua. Ukoo ukasema atangaziwe redioni, kwa sababu tangu usimamishe mnara ule hajawahi kuizima redio yake. Tanzia ya asubuhi, kabla ya bango langu, aliisikia. Hamisi alisema umetutoka, mazishi yatatangazwa baadaye. Bibi Perusi akapiga yowe, majirani wakajaa uani, akafunga mfuko wake wa safari. Kisha ukasema wewe mwenyewe, msihame, mnarudi sasa hivi.

Akasimama, akawaambia majirani waende makwao. "Mdogo wangu huyo anaongea. Watu wa mjini wamekosea jina." Wanasema alicheka, akapika, akagawa chakula. Akakaa karibu na redio kungoja urudi, kama ulivyomwambia.

Mimi nilitoka makaburini jioni, nikainua macho pale njia ya sokoni, nikaona bango limetuna na dishi limegeuza uso. Nilipanda na nguo za msiba. Nikalirudisha dishi, likauona mlima, na neno la kwanza lililopita hewani likawa la Hamisi: "Tunawashukuru nyote mliokuja kumzika Fundi wetu." Hivyo ndivyo dada yako alivyojua.

Nimekwenda kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikapiga goti, nikasema shikamoo bibi. Aliendelea kupukuchua. Nikasema tena. Fundi, unawajua watu wa kwenu, shikamoo hawaiachi ikaning'inia hata kwa mgeni wasiyemjua. Nilieleza habari ya bango na upepo, nikajisikia mjinga kwa kila neno, maana yeye hakuuliza habari za upepo. Mwisho akasema, "Aliniambia nisihame." Nilipoinuka kuondoka akaongeza, bila kunitazama, "Itoeni hiyo sauti. Msiniambie tena anarudi."

Nimeitoa. Nilipanda mlimani, nikaichomoa flashi yako, nimeifunga kwenye leso na sijathubutu kuisikiliza. Ilibidi nirekodi nyingine kwa sauti yangu. Nilipofika kwenye "tunarudi sasa hivi" ulimi ulikataa. Sasa inasema hivi: "Sauti ya studio haifiki kwenu. Kama unangoja tangazo, usitungoje sisi, muulize jirani." Hamisi anasema hajaona redio inayofukuza wasikilizaji wake. Nimeiacha hivyo hivyo.

Redio yako ndogo imerudi dirishani, mkeo ameturudishia mwenyewe. Haizimwi. Bango nimelikunja, uso wako umo ndani, liko chini ya meza, na bomba sasa halina hata uzi.

Kwa heri, Fundi wangu. Jumapili watu wakitoka kanisani nitapanda tena Mamboya. Sitabeba maelezo safari hii. Nitapiga goti, nitoe shikamoo, nimsaidie kupukuchua kama ataniruhusu, na asipoitikia nitarudi Jumapili nyingine. Marahaba yako nimekubali kwamba sitaisikia tena. Ya dada yako nitaifuata mpaka aitoe.

Neema