Shada Langu Juu ya Chemchemi Yako

Bibi,

Shikamoo. Leo nakuamkia mwenyewe kabla hujauliza nimevunja nini. Nimevunja, Bibi. Lala hivyo hivyo, usiinuke na fimbo.

Siku ya kukuzika nilikuletea shada kutoka madukani Rusumo, kubwa kama gurudumu la lori, waridi nyekundu za plastiki tupu. Wajukuu wenzangu walileta maua ya shambani, yakanyauka ndani ya wiki. Nikawacheka: "La kwangu halifi!" Kumbe nilisema kweli.

Juzi walikuja wataalamu kupima chemchemi yako, hiyo iliyo bondeni, chini ya kilima cha kaburi lako, uliyoilinda mpaka mbuzi wakakuogopa. Wanatafuta plastiki ndogo kuliko unga. Nikamwambia dada mwenye hadubini, "Hapa mnapoteza muda. Maji haya ni ya bibi yangu." Akasema tu, "Tutaona, mdogo wangu." Akayachuja kwenye karatasi nyeupe, akaniita nichungulie.

Bibi, nyuzi! Nyekundu, nyekundu, moja ya kijani. Akapasha sindano moto, akaugusa uzi mmoja, ukajikunja kama kiwavi. "Plastiki hiyo. Huko juu kuna nini?"

Nikaonyesha kaburi kwa kidole tu. Mimi! Mimi uliyekuwa ukiniita redio isiyozimwa.

Nikapanda kwako. Kushika waridi, zikasagikia mkononi. Jua la miaka yote hii limezila, mvua imezishusha, na kilima kizima kinakunywa. Wewe hukuruhusu mtu achovye ndoo chafu pale. Halafu mimi nikakuwekea uchafu kichwani, nikapiga na picha!

Yule dada alinifundisha kuitoa udongoni: udongo unaukoroga kwenye maji ya chumvi nyingi, mchanga unazama, vipande vingi vinaelea, unaviopoa kwa kitambaa cha pamba. Maji yake unamwaga mbali na chemchemi. Basi nikaliondoa shada, nikaja na ndoo na pakiti za chumvi. Baba mdogo na shangazi wakanikuta nimepiga magoti.

"Ebo! Chumvi kaburini? Mganga gani amekutuma?"

"Na shada liko wapi?" akadakia shangazi. "Umemvua marehemu nguo!"

Nilitaka kuwajibu kwa maneno yangu yale. Nikalia. Usiwaambie wenzako huko. Nikasogeza ndoo tu, watazame wenyewe: vidoa vyekundu vimejaa juu ya maji. Baba mdogo alitazama, akatazama tena, kisha akakunja suruali na kushika koleo.

Vyote havitatoka, Bibi. Dada amesema, na hata yeye hajui vyote vinafanya nini tumboni mwa mtu. Hapo ndipo usingizi unaponipaa.

Kaburi lako sasa halina pambo la dukani. Nimekupandia maua ya njano, yale ya kando ya migomba, yanayokufa. Yakifa nitapanda mengine. Na kila mvua ikikatika utanisikia na ndoo yangu, mpaka karatasi ya yule dada ibaki nyeupe.

Pumzika, Bibi. Zamu ya chemchemi ni yangu. Jana mbuzi mmoja aliniona akakimbia.

Mjukuu wako, redio.