Mkono Kinuni

Chinongwe, 4 Juni 2024

Mke wangu mdogo Raudha,

Salamu tele. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananishtaki. Wanafunzi wako wa kompyuta huko Nachingwea hawajambo?

Jua umeolewa na fundi. Ile kompyuta kuukuu uliyoniachia nimeiongeza mwendo kwa mikono yangu, sasa inapita hata alivyoiacha mwenye kiwanda.

Haya, nimedanganya. Ni Bashiri, fundi simu. Mimi nilishika tochi, tena nikamulika kusikotakiwa. Nilichoka kuingoja kila nikitaka kumsikiliza bibi yako. Bashiri akaingia kwenye mipangilio, akapandisha namba moja kutoka 200 hadi 230. Siku mbili ilikimbia kweli. Sasa inajizima, na sauti ya marehemu, ile uliyomrekodi akinigombeza, ikifika "Mbaruku wewe" inakwaruza kama kuku kwenye gunia.

Raudha, sina nyingine. Nimempoteza Zuleha mara ya pili?

Babu yako,
Mbaruku

Nachingwea, 7 Juni 2024

Mume wangu kibogoyo,

Shikamoo. Mimi sijambo, shule salama.

Izime hiyo kompyuta, wala usihifadhi kitu! Unakumbuka bibi akitwanga na shangazi Fatu? Wimbo ndio ulipanga mwendo. Prosesa ni mtwangaji: kila pigo moja la wimbo, yeye anatwanga mara kumi. Kumbukumbu ni yule anayepeleka mkono kinuni kugeuza nafaka, naye anafuata wimbo huohuo. Bashiri hakuongeza zile mara za mtwangaji, aliharakisha wimbo wenyewe. Mtwangaji akamudu, ingawa anachemka. Mkono ukachelewa, ukapondwa. Ndiyo maana kinachosomwa kinatoka vipande vipande.

Ila sauti yenyewe imelala kwenye diski. Kama hamkuihifadhi upya, bado nzima. Mwambie huyo mjinga arudishe 200. Akitaka mwendo, kwanza asafishe feni.

Mjukuu wako,
Raudha

Chinongwe, 29 Juni 2024

Mke wangu,

Hujambo? Magoti bado yana kesi yao.

Usidhani nimechelewa kujibu kwa shughuli. Bashiri alirudisha namba siku ileile barua ilipofika. Mimi ndiye niliyeogopa kubonyeza. Nikaifunika kitenge, nikawa naipita kama inanidai.

Jana nikabonyeza. "Mbaruku wewe, umefunga mbuzi au umefunga mdomo?" Yote, Raudha, mpaka anapokohoa mwishoni! Nikamjibu nimefunga. Uongo mtupu, mbuzi walikuwa kwenye mihogo ya jirani.

Asante sana. Siku unamrekodi nilikucheka, nikasema unapoteza umeme. Asante pia kwa kunieleza mambo ya mashine kwa mambo ya kinu. Mjinga umemwita Bashiri peke yake, nami nimemsomea kwa sauti. Kompyuta imerudi kutambaa. Itambae. Bibi yako alinisubiri mimi miaka arobaini ya ndoa, na mimi nimsubiri dakika nne.

Sasa, una deni langu moja la fadhila. Ulipounguza ugali mbele ya wageni wa posa, nani alikula tonge la kwanza akasifu? Nilipe hivi: likizo njoo na flashi, umnakili bibi yako uende naye Nachingwea. Ni mke mwenzako huyo. Nisaidie kumtunza.

Mumeo mzee,
Mbaruku